Futa safu ya "idadi" kabla hujaandika hitaji jingine lolote

Ndugu mleta mada, kabla hujaipeleka rasimu hiyo kwenye kamati, fungua tena jedwali lako la vitabu, uiondoe ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu, inayochapwa nyuma ya jalada) kwenye nafasi ya ufunguo mkuu (safu inayotofautisha kila mstari wa jedwali na mwingine), kisha uifute kabisa safu uliyoiita "idadi". Umeeleza kwamba umepewa jukumu la kuandika mahitaji ya mfumo wa usimamizi wa maktaba ya chuo chenu, ukauliza utumie lugha gani ya programu, faini zikokotolewe vipi, kama kuna haja ya kuwatumia wasomaji ujumbe mfupi, kama wanafunzi waweze kutafuta vitabu kwa simu, na hati yenyewe iwe na kurasa ngapi. Yote hayo yanaweza kusubiri. Kilichonifanya niandike ni jedwali uliloliambatisha chini ya swali, kwa sababu ni lile lile, karibu safu kwa safu, ambalo kampuni moja ilitujengea katika maktaba niliyokuwa nikifanya kazi ya ukutubi, na madhara yake niliyaona nikiwa nimesimama kaunta.

ISBN hutambulisha toleo la kitabu. Haitambulishi kitabu kile unachokishika mkononi. Chuo kikinunua nakala 40 za kitabu kimoja cha kiada cha takwimu, nakala zote 40 zitakuwa na tarakimu zile zile 13 nyuma ya jalada. Katika muundo wako, nakala moja ikiazimwa, idadi inashuka kutoka 40 hadi 39, na ikirudishwa inapanda tena. Siku ya maonyesho mbele ya wakuu wa idara kila kitu kitaonekana sawa, kwa sababu mtaalamu aliyeujenga mfumo atakuja na vitabu vichache tofauti, ataazima kimoja, atakirudisha, na watu watapiga makofi. Hakuna atakayefikiria kumwambia aazimishe nakala mbili za kitabu kimoja kwa watu wawili.

Sasa fikiria siku ya kazi ya kawaida. Msomaji wa kwanza ameazima nakala moja ya kitabu hicho Jumatatu, na wa pili ameazima nakala nyingine Jumanne. Alhamisi yule wa pili anairudisha ya kwake. Mhudumu anapitisha skana juu ya mistari myeusi iliyochapwa kwenye jalada, mfumo unakuta madeni mawili yaliyo wazi (yaani nakala mbili ambazo hazijarudishwa) kwa ISBN moja, na kwa kuwa hauna namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili linalohusu nakala iliyo mezani, unafunga mojawapo. Wa kwetu ulikuwa ukifunga lile la zamani zaidi. Kwa hiyo aliyerudisha kitabu akabaki anadaiwa, na ambaye bado alikuwa nacho chumbani akawa huru. Idadi kwenye skrini ilikuwa sahihi kila siku, na hapo ndipo hatari ilipojificha, kwani ripoti za kila mwezi zilikwenda kwa mkuu wa chuo zikiwa safi huku majina yote yaliyo nyuma ya tarakimu hizo yakiwa yamechanganyika.

Usiniambie kwamba utaweka sharti la kusoma kitambulisho cha mwanafunzi wakati wa kurudisha. Nasi tuliliweka. Wanafunzi huwatuma wenzao kurudisha vitabu, wengine huviacha kwenye sanduku la nje baada ya saa za kazi, na mwezi wa mitihani mhudumu hupokea rundo zima kutoka kwa kiongozi wa darasa. Kitabu hurudi peke yake, bila mwenyewe. Mfumo ambao hauwezi kumjua mdaiwa kwa kuiangalia nakala tu haujui kazi ya kaunta.

Mwisho wa mwaka wa masomo mambo yakawa wazi. Kila mhitimu huja na fomu yake ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, na bila sahihi ya maktaba hapati cheti. Alikuja binti mmoja wa mwaka wa mwisho, mfumo ukasema anadaiwa kitabu cha takwimu. Akasema alikirudisha. Tukamuuliza ana ushahidi gani, naye akajibu kwa utulivu kwamba nakala aliyoazima ilikuwa na doa la chai kwenye sura ya tatu, na kwamba kona ya chini ya jalada lake ilikuwa imeunganishwa kwa gundi ya karatasi. Tukaenda rafuni, tukafungua nakala moja baada ya nyingine, tukaikuta: doa lipo, gundi ipo, kitabu kipo mahali pake. Nikarudi kwenye kompyuta kutafuta mahali pa kuandika kwamba nakala hii ndiyo aliyoazima yeye, na hapakuwa na mahali. Hapakuwa na uga wowote, yaani nafasi ya kujaza taarifa, kwa ajili ya nakala. Tulimsainia fomu yake kwa kalamu, lakini deni lilibaki kwenye mfumo, kwani kulifuta kungeongeza idadi ya vitabu kwa kimoja ambacho hakikuwapo.

Aliyetuingiza katika hali hiyo ni mwakilishi wa kampuni iliyotuuzia mfumo, na hadi leo sijamsamehe. Mkutubi wetu mkuu alimwonyesha daftari la usajili wa vitabu na kumweleza kwamba kila nakala ina namba yake. Akajibu kwamba hayo ni mambo ya enzi za karatasi, kwamba wachapishaji wamekwisha kuweka msimbomilia, ile mistari myeusi inayosomwa na skana, nyuma ya kila kitabu, na kwamba kuchapisha lebo zetu wenyewe ni kutupa fedha na muda wa watumishi. Maneno hayo aliyaelekeza kwa mhasibu, hakuyaelekeza kwa mkutubi, na mhasibu aliyasikia vizuri sana. Hati ya mahitaji ikaandikwa ikiwa na sentensi moja tu juu ya jambo hili: "Mfumo utaruhusu msomaji kuazima na kurudisha kitabu." Sentensi hiyo ndiyo ambayo kampuni ilituonyesha kwa kidole tulipolalamika, na kwa mujibu wa mkataba walikuwa na haki, kwa kuwa mfumo wao uliruhusu kuazima na uliruhusu kurudisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba karatasi ililijua jambo hili muda mrefu kabla ya kompyuta. Katika utaratibu wa Browne, ambao maktaba nyingi zilizofuata mtindo wa Kiingereza zimeutumia miaka mingi, kila nakala ina kadi yake iliyowekwa kwenye mfuko mdogo ndani ya jalada, na kadi hiyo ina namba ya usajili wa nakala hiyo peke yake. Kitabu kikiazimwa, kadi huchomolewa, huunganishwa na tiketi ya msomaji na kupangwa kaunta kwa tarehe ya kurudisha. Kitabu kikirudi, mhudumu husoma namba, huchomoa kadi ile ile, humrudishia msomaji tiketi yake. Hakuna nafasi ya kufunga deni la asiyehusika. Ukiingia maktaba ya chuo chenu leo na kufungua kitabu chochote cha zamani, utaikuta namba hiyo imeandikwa kwa wino nyuma ya ukurasa wa jina, karibu na mhuri wa maktaba. Hitaji lako kuu limekwisha kuandikwa humo.

Hata tukiacha suala la nakala, ISBN haifai kuwa ufunguo kwa sababu vitabu vingi havina. Kiwango cha kimataifa cha ISBN kilitoka mwaka 1970, kwa hiyo kila kitabu kilichochapwa kabla ya hapo, yakiwamo machapisho mengi ya East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki lililoanza kazi mwaka 1948, hakina namba hiyo. Tasnifu za wanafunzi wenu hazina. Ripoti nyingi za wizara hazina. Majarida yana ISSN, ambayo hutambulisha jarida zima na haitofautishi toleo la Machi na la Juni. Tarehe 1 Januari 2007 ISBN ilihama kutoka tarakimu 10 kwenda 13, hivyo kitabu kimoja kinaweza kuwa na namba fupi ndani na ndefu kwenye jalada. Namba fupi inaweza kuishia na herufi X, na inaweza kuanza na sifuri, nawe nimeona umeipa safu hiyo aina ya namba kamili: X itakataliwa, na sifuri ya mwanzo itapotea bila mtu kujua. Wakutubi wenyewe hawaitegemei kama kitambulisho cha pekee, kwani katika MARC 21, muundo wanaoutumia kuandika rekodi za katalogi kwenye kompyuta, uga wa 020, ambao ndio wa ISBN, unaruhusiwa kurudiwa ndani ya rekodi moja.

Mchangiaji aliyekutangulia kukujibu amekushauri upakue kiolezo cha IEEE 830, kiwango cha kuandikia hati za mahitaji ya programu, na kujaza vichwa vyake. Kiwango hicho kilibadilishwa na ISO/IEC/IEEE 29148 mwaka 2011, lakini hilo si kosa kubwa. Kosa ni kudhani kwamba kiolezo kitakuuliza swali unalopaswa kuulizwa. Vichwa vyote vinaweza kujaa, kurasa zikafika mia, na hakuna hata moja inayosema neno "kitabu" ndani ya hati hiyo lina maana gani. Na miradi ya mfano inayosambazwa mitandaoni, ile yenye jedwali la ISBN, jina, mwandishi na idadi, iliandikwa ili mwanafunzi wa programu apate alama za somo. Haikuandikwa ili mtu akae nayo kaunta. Wanaoisambaza kama mfumo kamili wa maktaba wanawadhulumu watu kama wewe.

Mwaka 1998 shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, lilitoa mwongozo unaotenganisha ngazi nne: kazi ya mwandishi, namna ilivyoelezwa, toleo lililochapwa, na nakala moja moja. Kwa chuo chenu ngazi mbili za mwisho zinatosha kuanzia. Koha, mfumo huria uliozaliwa kwa ajili ya maktaba ya wilaya ya Horowhenua nchini New Zealand na kuanza kazi mwanzoni mwa mwaka 2000, una jedwali la rekodi za katalogi na jedwali jingine la nakala, na kila tukio la kuazima limefungwa kwenye namba ya nakala. Ukitaka kuona jedwali lililopevuka, lipo wazi, lisome bure.

Kwa hiyo andika hivi katika hati yako, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo: kila nakala itakuwa na namba ya pekee itakayotolewa na maktaba, isiyobadilika na isiyotumika tena hata nakala ikipotea, mhudumu atamwazimisha msomaji nakala moja inayotambulika kwa namba hiyo, mfumo utakataa kuazimisha nakala ambayo bado iko mikononi mwa msomaji mwingine, na nakala ikirudishwa, mfumo utafunga deni la nakala hiyo tu, bila kuhitaji kitambulisho cha aliyeileta. Chini yake weka jaribio la kupokelea mfumo, na usikubali malipo ya mwisho yafanyike kabla halijapita mbele ya macho yako: chukua nakala mbili za kitabu kimoja, waazimishe watu wawili, rudisha ile iliyoazimwa baadaye, kisha uangalie nani anadaiwa. Sisi hatukulifanya jaribio hilo, na tulilipa kwa kufunga maktaba likizo nzima, tukibandika lebo kwenye kila nakala na kuingiza upya kila kitu kilichokuwa rafuni, huku kumbukumbu zote za madeni ya nyuma zikifutwa kwa sababu haikuwezekana kuziambatisha kwenye nakala yoyote. Waliokuwa na vitabu vyetu kweli wakaondoka navyo.

Utaona pia kwamba mengi yanajipanga yenyewe ukishakuwa na jedwali la nakala. Katika nakala zenu 40, tano zinaweza kuwa za kusomea ndani kwa saa mbili na nyingine za kuazima kwa wiki mbili, nalo ni sharti la nakala, wala si la kitabu. Nakala iliyopelekwa kujalidiwa upya, iliyopotea na iliyoondolewa rafuni kila moja itakuwa na hali yake. Bei nayo iwekwe kwenye nakala, kwa kuwa za mwaka huu hazikununuliwa kwa bei ya zile za zamani, na atakayepoteza atauliza analipia ipi. Jambo moja tu ndilo linalobaki kwenye ngazi ya katalogi, nalo ni kuweka nafasi: msomaji anayesubiri kitabu hajali atapewa nakala gani, kwa hiyo ombi lake lifungwe kwenye toleo na litimizwe na nakala ya kwanza itakayorudi. Na idadi utaipata kwa kuzihesabu nakala zenye hali ya "ipo rafuni". Haihitaji safu yake.

Faini, kwa kifupi, zikokotolewe kwa kila nakala na kwa siku ambazo maktaba imefunguliwa. Lugha ya programu mtaijadili baadaye na timu yenu.

Kesho asubuhi nenda kwa mkutubi wenu, mwombe daftari la usajili wa vitabu, na muulize namba ya mwisho iliyoandikwa humo ni ipi, kwa sababu mfumo wako unapaswa kuanzia hapo. Ukisikia mtu yeyote kwenye kamati akisema kwamba daftari hilo litahamishiwa stoo mfumo ukishaanza, mwombe aeleze kwa maandishi namba za nakala zitatoka wapi. Kisha rudi na jedwali jipya, uliweke hapa hapa kabla halijafika kwa kampuni yoyote, nami nitalipitia safu kwa safu.