Shangazi, walininyima kumuaga mama, sasa simwamini mtu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naomba unisome mpaka mwisho maana hii barua nimeiandika na kuifuta kama mara nne. Mama yangu alifariki kwa korona mwezi wa saba 2020. Alienda hospitali anatembea mwenyewe, kandambili miguuni na kibegi cha nguo mbili, akaniambia usilie nitarudi, pale mlangoni mimi nikaambiwa mwisho wako hapa. Ndo mara ya mwisho kumuona. Siku tisa tuliongea kwa simu, alafu akawekewa oksijeni akawa hawezi tena kuongea, kuna nesi alikuwa anamshikia simu sikioni mimi naongea peke yangu huku, siku ya 12 saa nane usiku nikapigiwa na mtu ambaye hata jina la mama alilikosea. Nikauliza tunaweza kumuona, nikajibiwa hairuhusiwi ni hatari. Sanduku limefungwa, watu sita tu, hata nusu saa haikuisha tukaambiwa tawanyikeni. Mpaka leo Shangazi naamka usiku najiuliza, nina uhakika gani kama mule ndani alikuwa mama?

Na sisi tulitii. Hatukumkumbatia hata baba, alikaa chumbani peke yake analia sisi tuko sebuleni tunamsikia. Wiki chache baadae naona kwenye simu picha za wakubwa walewale waliokuwa wanatutangazia masharti, wako kwenye sherehe, hakuna barakoa, wamebanana wanacheka. Nilitetemeka mwili mzima.

Kilichonifanya niandike ni mwanangu. Ana mwaka na nusu, chanjo ya surua sijampeleka, kila nikitaka kwenda najiambia hawa hawa? Mume wangu tumegombana, dada yangu kaniambia mama angekushangaa, na hilo neno limeniingia mpaka leo halijatoka. Mimi sio wa yale mambo ya njama za mtandaoni, mimi tu simwamini tena mtu mwenye koti jeupe wala mwenye maikrofoni. Ndugu wananiambia yaliyopita si ndwele. Je, nimekuwa mgonjwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mama na pole ya hiyo miaka yote umebeba hili swali la sanduku peke yako. Nitaanzia hapo hapo, kwa sababu naona mengine yote yametokea hapo.

Ulichoambiwa usiku ule hakikuwa sawa na mwongozo uliokuwepo. Tarehe 24 Machi 2020, yaani miezi kama minne kabla mama yako hajafariki, Shirika la Afya Duniani lilishatoa maelekezo ya namna ya kuhudumia miili ya waliokufa kwa korona. Yanasema mpaka wakati huo hakukuwa na ushahidi wa mtu aliyeambukizwa kutokana na mwili wa marehemu, familia wanaweza kumtazama mtu wao ila wasimguse wala kumbusu, heshima ya marehemu na imani ya familia vilindwe, na watu wasizikwe harakaharaka. Najua kusoma hivi kutakuuma upya, na nimejiuliza sana kama nikuambie. Nimeona bora ujue kuliko uendelee kudhani hasira yako haina msingi. Inao. Inawezekana hao wa hospitali walizidiwa, inawezekana walipewa amri yao ya hapohapo kali zaidi, inawezekana waliogopa, ila wewe ulikuwa na haki ya kuelezwa hata kwa dakika mbili ni kwa nini, na hukuelezwa.

Kwa hiyo kaulize. Andika barua hospitali uombe nakala ya faili la mama: alilazwa wodi gani, nani alithibitisha kifo na saa ngapi, mwili ulitambuliwaje na nani aliukabidhi. Nenda na dada yako msije mkafukuzwa kirahisi, beba cheti cha kifo, mkizungushwa andikeni tena kwa walio juu yao. Wanaweza wakakupa karatasi mbili tu. Ila mtu ambaye hajaona mwili wa mpendwa wake akili inabaki mlangoni inasubiri, watu wa waliopotea baharini wanalijua hili vizuri sana, na wakati mwingine saini ya mtu na saa iliyoandikwa kwa kalamu vinampa pa kushika.

Sasa hili la imani. Mwanangu, mimi sitakuambia uwaamini tena, imani haiombwi hivyo. Nakuomba tu usiwafunge wote kwenye furushi moja. Kuna waliobadili maneno kwa sababu walikuwa wanajifunza njiani, mfano barakoa, Shirika la Afya Duniani lilikuwa halishauri watu wazima wa afya wazivae kila mahali mpaka tarehe 5 Juni 2020 ndo likabadilisha, ni kosa linaloeleweka kwa ugonjwa mpya japo wangeweza kusema wazi tulikuwa hatujui badala ya kuongea kama wanajua. Kuna waliochelewa, hata jopo huru lililochunguza dunia ilivyokabili korona, likiongozwa na Helen Clark aliyekuwa Waziri Mkuu wa New Zealand na Ellen Johnson Sirleaf aliyekuwa Rais wa Liberia, lilisema mwezi Mei 2021 kwamba Februari 2020 nchi nyingi zilikaa zinasubiri kuona itakuwaje badala ya kuchukua hatua. Alafu kuna wale wa sherehe. Hao sio kwamba hawakujua, walijua, sheria wameitunga wenyewe, na haikutokea sehemu moja tu, Uingereza mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo Boris Johnson alipigwa faini na polisi Aprili 2022. Hawa usipowasamehe mimi siwezi kukulaumu.

Lakini angalia, hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetengeneza chanjo ya surua. Hiyo imeanza kutumika 1963, kabla wengi wao hawajawa na cheo chochote, imepita kwa watoto wa vizazi na vizazi, inawezekana kabisa wewe mwenyewe umechanjwa na aliyekupeleka mgongoni ni mama. Surua inaambukiza kuliko korona ya mwanzo ile, mgonjwa mmoja akiwa kwenye chumba na watu kumi wasio na kinga, tisa wanaweza kuipata. Mwaka 2021 watoto karibu milioni 40 duniani walikosa dozi ya chanjo hii, ikiwa ni mabaki ya miaka ya korona. Sitaki wako awe kwenye hesabu hiyo kwa sababu ya watu waliokuwa kwenye picha ya sherehe. Nenda kliniki na maswali yako yote, mwambie nesi ukweli, nimeshaumizwa na hospitali naomba unieleze polepole. Akikujibu vibaya ondoka utafute mwingine, ila kesho yake uwe umepata huyo mwingine.

Kuhusu kuwa mgonjwa, sikujui kiasi cha kusema. Ila huzuni ya namna hii siku hizi ina jina kwa madaktari, imo kwenye orodha mpya ya magonjwa ya dunia iliyoanza kutumika Januari 2022: mtu anamtamani au kumuwaza aliyekufa kila mara, imepita zaidi ya miezi sita na maisha ya kila siku yanashindwa kwenda. Inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu anayejua mambo ya msiba. Ukiona ndivyo ulivyo, nenda. Na siku yoyote kifua kikikubana usikae nacho nyumbani kwa sababu ya hasira yako na hospitali.

Dada yako naye, muulize yeye anaota nini usiku. Yeye pia alisimama mbele ya sanduku lilelile.

SWALI: Shangazi mimi ni nesi. 2020 nilikuwa wodi ya korona, nilikuwa nawashikia wagonjwa simu, na mimi ndo nilikuwa nawaambia ndugu zao hamruhusiwi. Kuna bibi mmoja alifia mkononi mwangu anamtaja binti yake na sikuwahi kumwambia huyo binti, tulikuwa wawili kwa wagonjwa zaidi ya ishirini, nilitoka hapo nikaenda kitanda kingine. Je, nikimtafuta sasa hivi nitakuwa namtonesha kidonda?

JIBU: Barua yako ilifika wiki moja na hiyo ya juu, nikazisoma pamoja nikashindwa kuendelea na kazi. Sidhani kama ndo mama yule, wodi zilikuwa nyingi mno, Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 14.9 zaidi ya kawaida kwa mwaka 2020 na 2021 peke yake, lakini binti anayesubiri huko ni yuleyule tu.

Mtafute. Usichukue namba kwenye faili kimyakimya ukampigia ghafla, pitia kwa mkuu wako au ustawi wa jamii wa hospitali wamuulize kwanza kama anataka kusikia. Akikataa, heshimu. Akikubali usiende na maelezo ya kwa nini mlikuwa wachache, hayo akitaka atauliza mwenyewe. Mwambie kwanza kwamba mama alikuwa ameshikwa mkono, na kwamba alitaja jina lake.