Nilikuwa na Daftari, na Mali Ikapotea

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa gitaa aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimefikisha wanafunzi ishirini na wawili, ratiba imenishinda, ada sijui nani kalipa nani bado. Naomba unitajie programu unayotumia, jina tu, ninunue." Jina tu. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka, maana miaka sita iliyopita nilimwandikia mtu maneno hayo hayo, akanitajia jina, nikanunua, na ndani ya mwezi mmoja nikawa nimeharibu kuliko nilivyowahi kuharibu kwa penseli.

Kwa hiyo sianzi na jina. Naanza na daftari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Jalada gumu la buluu, ukurasa kwa kila mwanafunzi, penseli imefungwa kwa uzi isipotee. Nilikuwa nafundisha kinanda, na gitaa kidogo kwa wanaoanza, wanafunzi 34 kwa wiki, na nilijiona mtu wa mipango. Kipindi kikiisha naweka alama ya vema. Mtoto asipofika naweka duara. Akifidiwa kwa kipindi kingine, duara nalifuta. Hapo kwenye kufuta ndipo paliponiponza.

Palikuwa na baba mmoja, mpole, asiyepandisha sauti. Jioni moja alimleta binti yake, binti akaketi kwenye kinanda, yeye akabaki amesimama. "Samahani mwalimu. Nililipia vipindi vinane. Mtoto kasoma vitano. Wewe umeniandikia saba." Nikafungua daftari kwa kujiamini kabisa. Ukurasa wake ulikuwa umechafuka: vema, duara, alama ya ufutio, vema juu ya alama ya ufutio. Hata mimi mwenyewe sikuweza kuusoma. Yeye akatoa simu, akaanza kunisomea jumbe zetu moja moja, pamoja na tarehe. Siku hii mtoto alikuwa na homa. Siku hii mwalimu ulisafiri. Siku hii, "tumefika, mlango umefungwa." Huo wa mwisho nilikuwa nimeusahau kabisa. Binti alikuwa amepakata mikono, macho kwenye vibao vya kinanda, na hakugeuka hata mara moja.

Nilirudisha fedha za vipindi vyote vitatu. Hawakurudi. Mwaka uliofuata nikasikia amefanya mtihani wa daraja la 5 wa ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, chini ya mwalimu mwingine, akapata 134 kati ya 150. Kwenye mitihani ile 100 ndiyo ya kufaulu, na 130 kwenda juu ndiyo sifa ya juu kabisa. Skeli, yaani zile ngazi za noti, peke yake zina alama 21. Skeli zile nilimfundisha mimi. Bado napenda kujua alipata ngapi kwenye hizo 21.

Miezi niliyohangaika na lahajedwali, yale majedwali ya hesabu ya kompyutani kama Excel, nairuka, haina la kusimulia. Itoshe kusema kwamba siku moja niliandika namba juu ya fomula bila kujua, na kwa wiki saba jumla ya ada ilikuwa ni ile ile, nami nikashukuru Mungu kwa mwezi mtulivu.

Ndipo nikanunua programu. Kwa asiyezijua: programu hizi za walimu wa muziki, kama My Music Staff, zinafanya jambo ambalo daftari haliwezi, nalo ni kuunganisha. Kwenye daftari, mtoto akikosa kipindi unaandika mahali patatu: kwenye mahudhurio, kwenye hesabu ya fidia, na kwenye ada. Ukisahau mahali pamoja tu, umeongopa bila kukusudia. Kwenye programu unagusa mara moja, "hakufika, alitoa taarifa," na kipindi cha fidia kinajiandika kwenye jina lake, ankara inajirekebisha, mzazi anaona kwenye ukurasa wake. Haki mnaona pamoja, deni mnaona pamoja. Laiti ningekuwa nayo jioni ile, yule baba asingehitaji kutoa simu.

Lakini mimi niliinunua kama mtu anayenunua mfanyakazi wa kumlaumu. Usiku mmoja niliingiza majina yote 34, nikaweka kiwango kimoja cha ada, nikawasha ankara za kujituma zenyewe tarehe mosi, nikalala usingizi mzito. Saa sita usiku zikaondoka zote.

Familia yenye watoto watatu, ambao tulikubaliana kwa mdomo kwamba wa tatu alipe nusu, ilitozwa ada kamili mara tatu. Hilo lilirekebishika kwa kucheka. La pili halikurekebishika. Kulikuwa na baba aliyenijia faragha, kazi imeota mbawa, tukakubaliana nimfundishe mwanawe bure mpaka mambo yatengemae, na mama mtu asijue. Barua pepe niliyoisajili ilikuwa ya mama. Na kwa kuwa niliingiza tarehe mtoto alipoanza, programu ikahesabu kuanzia huko. Alfajiri nikapokea ujumbe: "Mwalimu, tunadaiwa miezi minne?"

Nilipiga simu, nikaeleza, nikaomba radhi. Mama alinisikiliza, akasema asante, akakata. Mtoto aliendelea kuja mpaka mwisho wa muhula, lakini baba yake hajawahi tena kunitazama usoni. Siri niliyoibeba kichwani miezi minne bila taabu, mashine iliitoa kwa usiku mmoja, kwa sababu mimi sikuiambia. Katika programu nyingi kuna uwezo wa kuandaa ankara zikasubiri uzipitie kabla hazijatumwa. Tumia huo. Miezi mitatu ya mwanzo usiruhusu kitu chochote kijitume chenyewe. Nasema tena: pitia kwanza, ndipo utume.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo yule mwalimu wa gitaa hakuliuliza.

Nilipoingiza maduara yote ya daftari, programu ikajumlisha na kuniambia ninadaiwa vipindi 61 vya fidia. Sitini na kimoja. Nilikuwa nafundisha 34 kwa wiki, yaani karibu wiki mbili nzima za kazi ambayo fedha zake nilikwisha kuzila. Nikadhani programu imekosea. Nikahesabu kwa mkono. Ilikuwa sahihi, na kwa kweli ilikuwa inanipunguzia, maana maduara mengine nilikuwa nimeyafuta kabla ya kuyafidia.

Deni hilo halikutengenezwa na daftari baya. Lilitoka mdomoni mwangu. "Mwalimu, leo tuna mgeni." Haidhuru, tutafidia. "Mwalimu, amelala." Haidhuru. "Mwalimu, tumesahau." Haidhuru. Muhali ndio uliokuwa ukiliendesha darasa langu. Naona haya kumwambia mzazi kipindi kimepotea, basi namwahidi muda nisio nao, kisha Jumapili nafundisha wanne mfululizo bila kula, nimenuna, na mtoto anapokosea mapigo namkaripia kwa kosa la mama yake. Walimu wenzangu, mnanielewa. Najua mnanielewa, kwa sababu nikikutana nanyi mnalalamika kuhusu Jumapili zenu.

Programu nyingi za namna hii, unapozipanga mwanzoni, zitakuuliza: taarifa ya kutofika itolewe saa ngapi kabla? Fidia inaisha lini? Mwanafunzi anaruhusiwa fidia ngapi? Mimi yale maswali niliyaruka, nikabofya "endelea," kwa kuwa sikuwa na majibu. Sikuwahi kuyatafuta katika miaka tisa ya kufundisha.

Ilinichukua wiki mbili kuandika ukurasa mmoja. Taarifa saa 24 kabla. Fidia moja kwa muhula. Isipotumika, inaisha na muhula. Nikikosa mimi, deni ni langu na haliishi mpaka nililipe. Nikawatumia wazazi wote. Familia tatu ziliondoka. Mzazi mmoja aliniambia nimegeuka kampuni ya bima, na huyo ndiye niliyempenda kuliko wote. Iliniuma, na sitadanganya, hata leo nikipita karibu na kwao huharakisha hatua. Zile 61 nilizilipa zote, ilichukua karibu mwaka, na tangu nimalize ya mwisho huu ni mwaka wa nne sijabishana na mzazi yeyote kuhusu idadi ya vipindi. Hata mara moja. Mnaweza kuona ni majivuno. Ni majivuno.

Mengine ni madogo madogo, ila yanauma yakikupata.

Saa, kwa mfano. Ujumbe wa kukumbusha ulijiandikia "10:00." Mama mmoja akasoma kama tusemavyo, saa kumi, akamleta mwanawe jioni. Mimi nilikuwa nimemngoja tangu saa nne asubuhi. Siku hizi kila ujumbe una mstari chini yake: 10:00 ni saa nne asubuhi, 16:00 ni saa kumi jioni. Unaonekana wa kitoto. Uache uwepo.

Na kama unafundisha kwa Zoom watoto walio mbali, saa zitakufanyia vituko zaidi. Nilikuwa na mtoto London, Jumamosi saa mbili usiku kwa saa zangu, na mwingine Chicago saa tatu. Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi, mimi sisogezi kabisa. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 9 na tarehe 30. Kwa hiyo Jumamosi tatu katikati, adhuhuri ya Chicago iliangukia saa mbili yangu, juu ya kichwa cha mtoto wa London. Tarehe 15 wakaingia wote wawili, mmoja ana gitaa, mwingine ameketi kwenye kinanda, wanatazamana. Kosa lilikuwa langu: kwenye programu nilimwandika yule wa Chicago kwa tofauti ya saa, badala ya kuchagua jina la mji. Tofauti ya saa haijui kalenda ya mtu. Ukichagua mji, programu inasogea pamoja nao, na mgongano unauona wiki kadhaa kabla. Chagua mji.

Kisha kuna visanduku viwili vya maelezo baada ya kila kipindi, kimoja cha mzazi na mwanafunzi, kingine chako peke yako. Vimekaa jirani. Niliandika "hakufanya mazoezi, na mama anamdekeza" kwenye kile kisicho chake. Sitasimulia yaliyofuata. Siku hizi vyote viwili naviandika kana kwamba mama anasoma, na nimegundua hata maneno yenyewe yamekuwa na faida zaidi: vipimo vitatu vya kwanza vya wimbo, mkono wa kushoto peke yake, polepole, mara kumi. Mtoto anaweza kufanya kitu na hayo. Na "mama anamdekeza" angefanya nini?

Programu ile ya kwanza baadaye ilifungwa na wenyewe. Walitoa notisi, tukapakua data zetu, nikafungua faili kwenye Excel, na namba za simu zote zilizoanza na sifuri zikawa zimepoteza sifuri. Excel huona namba, haioni simu. Safu ile unatakiwa uitaje kuwa ni maandishi kabla hujaingiza faili. Nilirudishia sifuri moja moja, wazazi 29. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi napakua kila kitu na kuhifadhi mahali pawili, na ninafungua faili kuangalia kama lina afya, maana nakala ambayo hujawahi kuifungua huna hakika nayo.

Wenzangu, kuna wimbo tunaoupenda sana, kwamba sisi ni wasanii na hesabu si zetu. Niliuimba miaka tisa. Tunamwambia mtoto wa miaka saba ahesabu mapigo manne kwa kila kipimo bila kuruka hata moja, halafu sisi wenyewe hatuwezi kuhesabu vipindi vinane vya mwezi. Mzazi anayekulipa mapema amekuamini kabla hujafanya kazi. Kumwandikia deni lake vizuri ni sehemu ya kazi ile ile, kama kupasha vidole moto. Na usiseme utaanza ukipata wanafunzi wengi. Anza na wanne ulio nao. Wanne unaweza kuwapanga hata kwa Google Calendar na lahajedwali, bila kununua chochote, mradi uandike siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, kabla mwanafunzi anayefuata hajagonga mlango.

Yule mwalimu wa gitaa nilimjibu juzi. Nilimwambia marahaba, na kwamba jina nitampa, ila kwanza anijibu swali moja: leo hii, unadaiwa vipindi vingapi vya fidia? Alama mbili za buluu zilitokea papo hapo. Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Mpaka sasa jibu halijafika.