Washindani kushika daftari moja bila kuchunguliana: inawezekana, ila mizani kwanza

Mkuu umeuliza iwapo kampuni zinazogombea wateja walewale zinaweza kushika daftari moja la blokicheni, yaani daftari la kompyuta ambalo kila mshirika ana nakala yake, bila kuoneana siri. Zinaweza, ila nianze na gunia.

Nimekuwa karani wa chama cha msingi huko Newala misimu mitatu. Korosho tunaipima chamani, inapanda fuso, inapimwa tena ghala kuu kusubiri mnada. Siku moja mzigo ulitoka kwetu kilo 8,240, ghalani wakasoma 8,105. Daftari langu hivi, la dereva vile, la ghala limekwanguliwa kwa wembe. Unyaufu? Wizi? Tulibishana wiki mbili huku wakulima wakinipigia simu alfajiri.

Kwa blokicheni, kila upande una nakala, na ingizo likishakubaliwa halifutiki kimyakimya: ukikosea unaandika sahihisho, kosa nalo linabaki. Lakini haijui kupima korosho. Ukiingiza uongo, itautunza vizuri kabisa.

Sasa siri. Achana na mtandao wa wazi kama wa Bitcoin. Iko mifumo ya wanachama tu, mfano Hyperledger Fabric. Nauli tuliyopatana na mwenye fuso tunaiona sisi wawili. Wengine wanaona hashi tu, yaani alama ya kidole ya maandishi yale. Ukizuka ugomvi, mkataba unahashiwa upya. Alama zikilingana, haukuguswa. Ila ukihashi kitu kifupi kama namba ya simu, mjanja atajaribisha namba zote kwa kompyuta mpaka aipate. Changanya na tarakimu za nasibu, uzifiche pembeni.

Jina la mkulima lisiingie kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatambua haki ya mtu kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Utafutaje kwenye kitu kilichoundwa kisifutike? Jina likae kwenye hifadhidata ya chama.

Kinachoua miradi hii mara nyingi ni watu. TradeLens, mfumo wa blokicheni wa kufuatilia mizigo ya meli ulioundwa na Maersk na IBM, ilitangazwa kufungwa Novemba 2022; ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Nani anaruhusu mwanachama mpya, nani analipia seva: hayo yamalizeni kabla ya kumwita fundi. Na kama daftari ni la kampuni yako peke yako, hifadhidata ya kawaida inatosha, usitupe hela.

Ninyi mko wangapi, na nani kati yenu ana mizani?