Lignini ya makumbi: kuitoa au kuiacha ilimo?

Swali: Kikundi chetu cha Micheweni, Pemba, kinasokota kamba za usumba. Kila tukipiga makumbi tunabakiwa na lundo la vumbi. Tumeambiwa likichemshwa na kostiki soda linatoa lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mimea, ya kuuzia viwanda vya gundi. Tuanze vipi?

Jibu: Msianze, ndugu zangu. Lignini imo, tena tele: theluthi na zaidi ya uzito wa vumbi kavu. Tatizo ni gharama ya kuitoa.

Kilo 10 za vumbi zinataka lita 100 hivi za maji na kilo 2 za kostiki. Baada ya kuchemsha na kuchuja, mnatia asidi ya salfuriki hadi pH 2, yaani maji yawe makali ya asidi, ndipo lignini ijitenge. Kuizima kostiki ile peke yake kunakula kilo 2.5 za asidi. Mkiambulia kilo 2 za lignini mmefanya vyema, lakini mmetumia kilo 4.5 za kemikali zilizovuka bahari, na mna pipa zima la maji ya chumvi msilojua pa kulimwaga. Kuchuja nako kunatesa. Maji yakiwa baridi lignini hutoka ute unaoziba kitambaa, yakikaribia kuchemka hugandana kama lami. Yanataka nyuzijoto 60 hadi 70.

Halafu mtashindana na viwanda vya karatasi, ambavyo huipata kama mabaki na nyingi huichoma kwenye maboila yao. Kampuni ya Borregaard ya Norway hutoa humo hata vanilini, kiungo chenye harufu ya vanila. Sufuria haishindani na hao.

Lignini yenu itumieni ilipo: ikipata joto hulainika na kushikanisha vumbi na nyuzi kuwa kibao kigumu bila gundi. Sageni makumbi, vumbi na nyuzi pamoja. Yale yaliyofukiwa pwani yaosheni kwanza kwa maji matamu mpaka ukiyaonja hayana chumvi, kwani chumvi hula chuma na huvuta unyevu ndani ya kibao. Anikeni hadi unyevu ufike asilimia 8 hadi 12. Ukizidi, mvuke hupasua kibao mkifungua. Ukipungua sana, lignini hailainiki vizuri. Tandikeni karatasi ya aluminiamu juu na chini, la sivyo kibao kitaganda kwenye chuma cha kubania. Baneni kwa nyuzijoto 180, dakika 10 hadi 15, na msilegeze mpaka kipoe chini ya 100.

Shinikizo ndilo linalowaponza wengi. Linatakiwa kilo 150 hivi kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo jeki ya lori ya tani 20 inatosha kibao cha sentimita 11 kwa 11 tu. Cha 20 kwa 20 kinataka tani 60. Anzeni na vidogo, mkiloweke kimoja siku nzima. Kikifura sana, mara nyingi joto halikufika katikati: ongezeni dakika kabla ya kufikiria jeki kubwa.