Maswali Yenu: Kambi ya Familia Ziwa Bunyonyi

Likizo ya Desemba inakaribia, na barua nyingi mwezi huu zinauliza kuhusu Bunyonyi, kule Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Kuna jambo moja linaloeleza karibu kila jibu lililo hapa chini. Bunyonyi ni bonde la milimani ambalo lava ya volkano ililiziba, maji yakajaa. Liko kama mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, na kingo zake ni miteremko ya vilima vilevile. Ukifungasha kama mtu anayekwenda kwenye joto la Entebbe, utateseka.

Mwaka jana watoto walilia kwa baridi usiku kucha, na kila mmoja alikuwa na mablanketi mawili juu ya godoro la upepo. Je, naweza kuwasha sigiri ndani ya hema kidogo kabla hawajalala?
*Mama wa watoto watatu, Mukono*

Hapana, mama. Usiiwashe ndani hata kwa dakika tano, wala usiiingize makaa yakishakuwa mekundu bila moshi. Makaa hayo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu yanatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtoto aliyelala haamki kukohoa. Anazidi kuzama usingizini. Mtu akilalamika kichwa kinamuuma na anataka kutapika ndani ya hema lenye moto, mtoe nje mara moja kisha mpeleke hospitali.

Baridi yenu ilitoka chini. Usiku halijoto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na godoro la upepo halina kitu ndani ila hewa, ambayo huzunguka na kuupeleka ardhini joto la mwili. Yale mablanketi ya juu hayakuwa na kosa. Tandika turubai, juu yake mkeka au sponji ngumu ya sentimita 3 hivi, kisha blanketi zito, ndipo mtoto alale. Kama mna mablanketi mawili tu, moja liende chini.

Mvalishe mtoto nguo kavu ambazo hakushinda nazo, kwa sababu jasho la mchana hupoa usiku. Mpe soksi na kofia. Chupa ngumu ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvikwa soksi, ikiwekwa miguuni, hukaa na joto kwa saa kadhaa. Chupa ya soda haifai, maana maji ya moto huilegeza.

Pahali pa hema napo pana neno. Hewa baridi ni nzito, huteremka mlimani na kutuama chini kabisa, pale pale ukingoni mnapopenda kwa ajili ya picha. Pandeni mita 5 hadi 10 juu ya maji, kwenye tuta lililo sawa, lakini msikae kwenye njia ya maji ya mvua. Epukeni kivuli cha mikaratusi: matawi yake huanguka bila upepo mkubwa, na radi hupenda mti mrefu uliosimama peke yake. Matundu ya juu ya hema yaacheni wazi. Mkiyafunga, pumzi zenu zitageuka maji na kuyadondokea mablanketi kabla ya alfajiri. Kamba za nailoni hulegea zikilowa, kwa hiyo zikazeni tena kabla ya kulala.

Nimegeuza Hiace iliyokuwa teksi kuwa gari la kulala: kitanda, friji ya volti 12, tangi la maji la lita 100. Itafika ziwani?
*Dereva, Jinja*

Itafika, ndugu, ila usiijaze maji Jinja. Lita 100 ni kilo 100, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa), ikifika kimo cha Bunyonyi, imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu iliyo nayo usawa wa bahari. Beba lita 20 za njiani, tangi ulijaze kambini.

Kutoka Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, kupitia Masaka, Mbarara na Ntungamo. Ondoka alfajiri. Kipande kifupi cha mwisho, kutoka Kabale hadi ziwani, usikifanye gizani: unapanda kilima kisha unateremka upande wa pili. Teremka kwa gia ya pili au ya kwanza, uiachie injini ikuzuie. Anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha. Utasikia harufu ya kuungua, kisha pedali italegea. Hapo simama pembeni nusu saa. Usizimwagie maji, maana diski yenye moto hupasuka.

Kambini, egesha kwenye changarawe, pua ikielekea njia ya kutokea. Nyasi zikilowa, magurudumu ya nyuma ya Hiace yatazunguka hapo hapo. Weka gia, vuta hendibreki, kisha zuia magurudumu kwa mawe upande wa mteremko. Lisawazishe gari kwa vipande vya mbao na pima maji ya fundi mwashi.

Sasa hesabu ya umeme. Friji ya kompresa hula kama ampea 4 inapofanya kazi, na tuseme inafanya kazi nusu ya siku: hizo ni ampea-saa 48. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja tu. Sola ya wati 100 hurudisha kama 30 siku ya jua zuri, na asubuhi za Bunyonyi zina ukungu. Ukikaa siku tatu, lipia umeme wa kambi au weka sola mbili.

Watoto wanaweza kuogelea?
*Baba, Mbarara*

Bunyonyi linajulikana kwa kutokuwa na mamba wala kiboko. Hatari ni ukingo: hatua mbili tatu na mtoto hana pa kukanyaga. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea tangu anaposhuka garini. Lijaribu hivi: lishike mabegani, ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Tafuta dogo zaidi, au lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mtumbwini kila mtu akae chini, asisimame.

Kwa nini maharage hayaivi kule? Na choo cha gari tukimwage wapi?
*Wanandoa, Kampala*

Kwa kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Loweka maharage usiku kucha na beba sufuria ya presha, au yachemshe kabisa nyumbani. Maji ya kunywa yaacheni yatokote dakika 3.

Choo kimwageni kwenye shimo la choo, baada ya kuomba ruhusa kwa msimamizi na kumweleza ni dawa gani mmetumia. Dawa zenye fomalini huua bakteria wa tangi la maji taka, tangi likaacha kufanya kazi. Maji ya vyombo na sabuni yamwageni mbali na ukingo, hatua 50 au zaidi. Kuna familia zinazochota maji ya kunywa kutoka ziwa hilo hilo.