Kabla ya Kumpeleka Mtoto Kambi ya Msituni Mwezi wa Agosti

Likizo ya Agosti inapokaribia, wazazi wa watoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6 hupokea matangazo mengi ya kambi za mazingira, na kwa kuwa nimekuwa nikiandamana na watoto wa umri huo katika Msitu wa Kakamega, huulizwa mara kwa mara namna ya kuitambua kambi iliyo nzuri. Ushauri wangu ni kwamba usivutiwe na wingi wa shughuli zilizoorodheshwa. Uliza kwanza ni nani atakayetembea na watoto msituni, na kila mwelekezi atapewa watoto wangapi.

Mtoto wa miaka 10 au 11 amefikia umri wa kutaka kujua sababu ya kila anachokiona, na ratiba inayomkimbiza kutoka mahali hadi mahali haimpi nafasi ya kuuliza. Waelekezi waliokulia pembezoni mwa msitu huu wanautambua mti wa mutere kwa gome lake, wanaijua mizizi ya mukombero ambayo wenyeji huitafuna, na wakisikia mlio mzito wa mbega alfajiri huweza kukwambia kundi liko upande gani. Nimewaona watoto wakitulia kwa muda mrefu chini ya mtini ambao ulianza kama mbegu iliyoachwa na ndege kwenye tawi la mti mwingine, ukateremsha mizizi hadi ardhini, na hatimaye ukauzingira na kuuua mti uliokuwa umeubeba. Maswali yaliyofuata yalichukua asubuhi nzima, na hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuwa tumepanga kwenda kwingine. Kwa maoni yangu, watoto wanane kwa mwelekezi mmoja, pamoja na mwalimu anayetembea nyuma yao, ni kikomo kinachofaa. Wakizidi hapo, walio nyuma hawasikii lolote.

Uliza pia watoto watafanya nini mvua ikinyesha. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Agosti mvua hiyo huja mara nyingi alasiri, kwa hiyo matembezi marefu, kama vile kupanda Kilima cha Lirhanda, hufaa kufanywa asubuhi. Kambi iliyojiandaa huwa na banda ambamo watoto wanaweza kuchora walichokiona na kutafuta majina ya ndege vitabuni. Ikiwa jibu utakalopewa ni kwamba watatazama filamu, endelea kutafuta kambi nyingine.

Kuhusu vifaa, huna haja ya kununua vitu vya gharama. Mpe mtoto gambuti zinazomtosha vizuri, koti la mvua, tochi yenye betri za akiba, na soksi ndefu ambazo ataingizia ncha za suruali, kwa sababu siafu wa msitu huu hupanda miguuni kabla mtu hajawaona. Tochi hiyo ataihitaji hasa katika matembezi ya usiku ya kuwatafuta komba na jamaa yao poto, matembezi ambayo kwa watoto wengi ndiyo saa wanayoingoja kwa hamu kuliko zote.

Hamu ya nyumbani huwashika wengi usiku wa pili, wakati ugeni wa mahali umeanza kuisha. Mtoto ambaye hajawahi kulala mbali nawe atangulie kulala kwa shangazi au kwa binamu zake wiki chache kabla ya safari. Ukisha kumwacha kambini, kubaliana na mwalimu akutumie ujumbe jioni badala ya wewe kumpigia mtoto simu, kwani sauti ya mzazi humrudishia machozi mtoto aliyekuwa ameshatulia.

Jambo moja wazazi huona haya kulitaja, nami nawasihi walitaje. Wasichana wa umri huu wanaweza kupata hedhi ya kwanza wakiwa kambini. Mfungie binti yako sodo hata kama hajaanza, mweleze matumizi yake, na umwonyeshe mwalimu wa kike atakayemwendea. Vivyo hivyo, mtoto mwenye pumu au mzio aende na dawa zake pamoja na maelezo yaliyoandikwa, na mwalimu ayasome mbele yako.

Mwisho ni malaria, ambayo ni ya kawaida magharibi mwa Kenya, ilhali watoto wa Nairobi na nyanda za juu hawajaizoea. Muulize daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, hakikisha kila kitanda kina chandarua kilichotiwa dawa, na umpe mtoto nguo za mikono mirefu za kuvaa jioni. Homa ikimpata ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, usiichukulie kuwa mafua. Mpeleke kupimwa siku hiyohiyo, na umwambie daktari kwamba alikuwa Kakamega.