Bomba la maji moto na siku ya 181

Kama una mradi wa kuacha kuni au dizeli kiwandani na kila ofisi unayoingia inakuambia "hiyo hatuna fomu yake", keti nikusimulie yaliyonipata upande wa Njoro, hapa Kenya. Mimi ni fundi wa boila. Sheria nimejifunza kwa kusukumwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Kulikuwa na shamba la ng'ombe lenye mtambo wa biogesi na injini ya kuzalisha stima ya matumizi yake. Hapo hapakuwa na kesi: Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mtu kuzalisha stima ya kujitumia isiyozidi megawati 1 bila leseni. Shida ilikuwa joto. Maji yanayopoza injini ya namna ile hutoka yakiwa na nyuzi 80 na ushee, na pale shambani yalikuwa yakipozwa kwa feni, joto likipotelea hewani mchana na usiku. Ng'ambo ya barabara ya murram, kiwanda kidogo cha maziwa cha ushirika kilikuwa kikichoma kuni za mkaratusi, lori baada ya lori. Na maziwa yakipita kwenye mashine ya kuua viini yanahitaji nyuzi 72 kwa sekunde 15. Basi. Tulikuwa tunakata miti kutafuta joto ambalo jirani analipia feni alitupe.

Tukachora bomba mbili, moja la kupeleka maji moto na moja la kuyarudisha, zipite chini ya barabara.

Ofisi ya kwanza iliuliza kama ni stima. Hapana. Ya pili ikauliza kama tunauza maji. Hapana, yanazunguka na kurudi. Ya tatu, afisa mmoja, mama wa makamo, alifunga faili akanitazama juu ya miwani. "Sasa Injinia, hapa mnauza nini hasa?" Nikamjibu, joto. "Joto halina risiti, mwanangu," akasema, na hakuwa anatania.

Angalia, hakuna aliyetukataza. Hilo ndilo linalochosha. Ukikataliwa kwa barua, unaweza kukata rufaa. Ukiambiwa "pitia wiki ijayo" utakata rufaa wapi?

Mwenyekiti wa ushirika, mzee wa busara katika mambo mengine yote, alishauri tuchimbe usiku. Nilikataa. Maji ya nyuzi 85 chini ya barabara wanayopita watoto wa shule si kitu cha kufukia gizani, na siku bomba likipasuka, hata waliokuwa upande wako watakukana. Wengine walisema tungoje sheria. Kungoja nako ni kuchoma kuni.

Kilichonitoa kwenye tope ni M-Pesa. Ilipoanza 2007 hakukuwa na sheria ya kutuma pesa kwa simu. Benki Kuu haikukataa wala haikungoja Bunge. Ilitoa barua ya kusema haina pingamizi, ikaendelea kuitazama huduma ikikua. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja 2011, na kanuni zake 2014. Baadaye wengine waliupa mtindo huo mlango rasmi: Uingereza ilifungua uwanja wa majaribio, yaani ruhusa ya kujaribu huduma mpya kwa kiwango kidogo msimamizi akitazama, kwa kampuni za fedha 2016, msimamizi wao wa stima na gesi akafuata 2017, na hapa kwetu Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikafungua wake 2019. Nikajiambia, kama pesa za watu ziliweza kujaribiwa kwa barua, sembuse maji moto ya kupasha maziwa?

Kwa hiyo tuliacha kuomba leseni. Tuliomba jaribio. Barua ilikuwa ukurasa mmoja: bomba mbili tu, mteja mmoja tu, miezi sita, joto lisizidi nyuzi 85, mita kila upande, vali ya kufunga ambayo afisa wa barabara anaweza kuifikia bila kutuita, na jina la atakayegharimia barabara ikiharibika. Tuliongeza aya fupi kwamba pale Menengai, GDC, shirika la serikali la kuendeleza joto la ardhini, lilishaonyesha mtambo wa kupasha maziwa kwa joto hilo, ili afisa ajue hatakuwa wa kwanza kuweka sahihi kwenye wazimu. Usidharau aya hiyo. Afisa haogopi teknolojia yako, anaogopa kuulizwa baadaye, "nani alikuruhusu?" Mpe cha kujibu. Nakala ilienda kwa ofisi zote tatu siku moja, kila moja ikiona majina ya nyingine. Yule mama wa miwani ndiye aliyesaini kwanza.

Makosa yetu mawili nitayaeleza ili usiyarudie. Tulikaribia kuanza bila kupima kuni. Vitabu vya ushirika vilihesabu malori, na lori la kuni halina kipimo; kuna dereva anayepanga na kuna anayemwaga. Ikabidi tuazime mizani ya viazi, tupime kila mzigo unaoingia tanuri kwa wiki tatu. Vijana walinilaani, na mgongo wangu pia. Lakini bila hizo wiki tatu, ripoti yetu ya mwisho ingekuwa porojo.

Mvua za Aprili zilipokuja, kiungo kimoja kilivuja na mvuke ukatoka kwenye mtaro. Tulifunga vali, tukapiga picha, tukawaarifu wote watatu kabla ya saa sita mchana, kabla habari haijawafikia kupitia boda boda. Hakuna aliyetufungia. Afisa wa barabara alikuja, akaangalia, akataka bomba lizikwe zaidi, tukalizika.

Kosa la pili ndilo kubwa. Siku ya 180 ilifika, vipimo ni vizuri, kila mtu anafurahi. Siku ya 181 hatukuwa na ruhusa yoyote. Barua haikusema nini kinafuata. Tulifunga bomba, tukarudi kwenye kuni wiki tisa, huku karatasi ikisafiri kati ya meza zile zile, na mzee mwenyekiti akinitazama kwa jicho la "si nilikwambia tuchimbe usiku".

Sasa kuna watu wa kufua nguo hapa mjini wanataka joto la jirani yao. Barua yao bado sijaimaliza, lakini sentensi ya kwanza nimeshaiandika: "Iwapo siku ya 180 itafika bila uamuzi, na hakuna madhara yaliyoandikwa, jaribio litaendelea kwa masharti haya haya hadi uamuzi utolewe kwa maandishi."